Gari la Kupita Pasipopitika

Kwenye lango la maegesho ya ghorofa pale kliniki wametundika bomba la plastiki la manjano kwa minyororo miwili, limeandikwa futi 6 na inchi 10. Kazi yake ni moja tu, kukugonga kabla dari halijakugonga. Jumanne iliyopita lilinigonga. Lilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa nililolifunga juu ya keria, na mlio wake ulikuwa ule wa sufuria tupu inayoanguka jikoni saa nane usiku. Nyuma yangu magari manne. Pembeni yangu mama mkwe, kitenge cha kwendea hospitali, mkoba mapajani, macho mbele kama mtu aliyeko ibadani.

"Baba," akasema taratibu, "hili si ndilo ulisema linapita pasipopitika?"

Ndilo. Nimelisema hilo miaka mitatu sasa, kwa mke, kwa watoto, kwa jirani, kwa mchungaji. Nikashuka, nikaenda kuwaomba madereva wanne, mmoja baada ya mwingine, warudi nyuma. Watatu walinielewa. Wa nne, mzee mwenye kofia pana, alilitazama gari kuanzia tairi hadi sandukuni, akanitazama na mimi, ndipo akaweka rivasi bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Gari lenyewe ni Toyota 4Runner ya mwaka 2001, ambayo sisi kwetu tunaijua kwa jina la Surf. Huku ukisema Surf wanadhani unazungumzia mawimbi ya bahari, na Arlington haina bahari. Kwa kweli Arlington haina vitu vingi. Mji wa watu karibu laki nne, umekaa katikati ya Dallas na Fort Worth, una uwanja wa Cowboys, una bembea za Six Flags zilizofunguliwa mwaka 1961, lakini basi la kawaida lenye njia yake na kituo chake hauna. Kuna vigari vya kuita kwa simu. Basi la kusimama ukalisubiri, ukapanda na kuku wako, ukashuka kwa kugonga bati, sahau. Kiwanda cha General Motors kipo hapa hapa tangu mwaka 1954 na siku hizi kinatoa yale magari mapana kama vyumba vya kupanga, Tahoe, Suburban, Escalade. Kwa hiyo mtu akiniambia nina ugonjwa wa magari, namjibu kwamba ni ugonjwa wa mji mzima, mimi nimeambukizwa tu.

Na nina sababu. Asubuhi ya tarehe 16 Februari 2021 joto hapa lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Umeme ulikatika, maji yakaganda mabombani, barabara ikawa kioo. Mimi nilikuwa na Corolla. Niliiwasha, nikaitoa futi tatu, ikageuka yenyewe ikatazama nyumba, kama ng'ombe aliyekataa kwenda machungani. Jirani yangu mwenye pikapu ya kunyanyuliwa akapita pale anaunguruma, akaenda, akarudi na maziwa na kuni. Alinipungia mkono. Hakunipa kuni. Na miaka mitatu na nusu kabla ya hapo, mafuriko ya kimbunga Harvey yalipoifunika Houston, shemeji yangu alitolewa nyumbani kwake na mtu asiyemjua, mwenye gari refu, aliyekuwa akizunguka mitaani akiokota watu majini. Shemeji husimulia habari hiyo kila Krismasi, na kila mwaka gari linaongezeka urefu.

Basi nikaapa. Ikija barafu, ikija gharika, mimi ndiye nitakayepunga mkono.

Nilianza na tairi. Zile za kiwandani zilikuwa na kimo cha inchi 30 na nusu hivi, nikaweka za inchi 33, zenye meno. Springi na shokapu nikabadilisha, gari likapanda inchi tatu. Halafu keria, halafu taa nne juu ya keria, halafu sanduku juu ya keria nyuma ya taa. Halafu lile bomba jeusi linalotoka ubavuni mwa boneti na kupanda kando ya kioo cha mbele, ambalo wenye nalo huliita snokeli.

Mama watoto alilizunguka mara mbili. "Hii chimni ni ya nini?"

"Ni ya kuvutia hewa. Gari likiingia mtoni, injini isimeze maji."

"Mto upi?"

Nikamwambia Trinity. Akaniuliza kama madaraja ya Trinity yamebomolewa.

Kuna mambo wauzaji wa vitu hivi hawakuambii mpaka umelipa. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko wake unakwenda mbali zaidi, lakini spidomita haijui. Inaendelea kuhesabu kana kwamba bado una viatu vya zamani. Kwenye barabara kuu ya I-20 mshale unaniambia 65 na mimi niko 70. Mafuta nayo: zamani galoni ilinipeleka maili 17, sasa 13, na upepo ukiwa wa mbele sisemi. Halafu makelele. Yale meno ya tairi juu ya barabara ya saruji yanatoa sauti moja ndefu, mmmmmm, kama ndugu anayetaka kuomba hela na bado hajaamua aanzeje. Watoto huvaa vifaa vya kusikilizia muziki. Mke wangu alikuwa akizungumza nami garini. Siku hizi hunitumia ujumbe.

Serikali ingenisaidia hapo, lakini serikali yenyewe imejitoa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya kawaida. Katika kaunti kubwa kama hii yetu ya Tarrant umebaki wa moshi tu, na Surf yangu imeshapita miaka 24, hata moshi haipimwi tena. Aliyebaki kuikagua ni mama mkwe.

Alifika mwanzoni mwa mwaka, kutoka Marangu, kwa miezi mitatu, kumwangalia mjukuu mpya na, nadhani, kuniangalia na mimi. Tulimpokea uwanja wa ndege kwa Surf, maana nilitaka aione. Akaiona. Akasimama kando ya mlango wake, sakafu ya gari ikiwa karibu na kiuno chake, akauliza ngazi iko wapi. Hakukuwa na ngazi. Nilikuwa nimenunua vyuma vya kulinda tumbo la gari lisipigwe na mawe, lakini pa kukanyagia binadamu sikupafikiria. Mke wangu alivuta kutoka ndani, mimi nikasukuma kutoka nje kwa adabu yote inayowezekana kumsukuma mama mkwe, na hiyo adabu ina mipaka yake. Akaingia kama gunia la kahawa linavyoingia lorini. "Mae!" ndilo neno pekee alilotoa mpaka nyumbani.

Kesho yake mke wangu akanunua kigoda cha plastiki cha kukunja, dola 14. Nitakirudia.

Sasa vifaa. Hapa ndipo nilipoliwa. Kwetu Korogwe nikiwa mdogo kulikuwa na Land Rover ya mjomba iliyokuwa ikipanda Lushoto hadi Mlalo, masika na kiangazi, na vifaa vyake ulivihesabu kwa mkono mmoja: spana mbili, praizi, waya wa kufungia, vipande vya mpira wa baiskeli, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ilikuwa ya tenki la mafuta. Likitoboka na jiwe, utingo anaingia chini, anasugua sabuni kwenye tundu mpaka inashika, safari inaendelea. Kifaa cha sita kilikuwa utingo mwenyewe, na huyo ndiye aliyekuwa wa maana kuliko vyote, kwa sababu alikuwa anakata matawi, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anasukuma, anachimba, na akilaumiwa hajibu.

Huku utingo hauzwi. Badala yake wanakuuzia vipande vyake, kimoja kimoja. Pampu ya umeme ya kujaza tairi badala ya mapafu yake. Zile mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi lililozama, badala ya matawi aliyokata bure. Kamba nene inayonyumbuka, chepe la kukunja, glovu, taa ya kuvaa kichwani. Seti ya spana nikanunua kubwa, vipande 150 na zaidi, kwenye kisanduku ambacho kila kimoja kina kitanda chake. Nimefika nyumbani naona nusu ya spana ni za inchi. Toyota haina habari na inchi. Itengeneze kwa namba 10, 12, 14, 17, umemaliza. Kwa hiyo nazunguka na spana sabini hivi ambazo hazifungui hata nati moja ya gari linalozibeba. Nimezizoea. Zinapolia nyuma najua niko safarini.

Na jeki. Ile ndefu ya chuma, inchi 48, yenye matundu kuanzia chini hadi juu na mpini unaopiga kama pampu ya kisima. Inatengenezwa na kampuni ya Indiana tangu mwaka 1905, na uzito wake ni kilo 13. Ukiteleza wakati wa kuishusha, ule mpini unarudi na kukusalimia kidevuni. Nimeonywa na kila mtu niliyemwonyesha. Mama mkwe alipoiona imefungwa mlango wa nyuma, ndipo kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka.

"Kumbe unayo tanganyika!"

Mimi nilikuwa nimelisahau jina hilo. Madereva wa zamani wa Land Rover, jeki kama hiyo waliiita tanganyika. Kaka yake mama mkwe alikuwa nayo moja, akiteremsha ndizi kutoka juu hadi soko la Himo, na mvua za Aprili gari likizama mpaka difu, waliisimamisha juu ya gogo, wakapiga mpini, tairi likanyanyuka, wakajaza mawe chini yake. Aliieleza kwa mikono. Alikuwa amesahau kwamba mimi ndiye mwenye jeki na yeye ndiye mwenye sukari.

"Na wewe umeitumia wapi, baba?"

Hilo ndilo swali. Jamani, nitumie wapi? Watu wa nyumbani wanadhani Texas ni pori tupu lenye farasi. Pori lipo, ila lina mwenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya jimbo hili ni mali ya watu binafsi, na mwenye ardhi wa Texas hapendi kukuta tairi za inchi 33 mlangoni kwake asubuhi. Kila barabara ya vumbi niliyoiona nikadhani nimeipata, mwisho wake una geti, na geti lina kibao, na kibao hakina utani. Rafiki yangu Mkenya wa Grand Prairie, kila tukikaa, hunisimulia Rhino Charge ya kwao: mashindano yaliyoanza mwaka 1989, timu zinapewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na mshindi si mwenye mbio bali aliyetumia umbali mfupi, hata kama ni kupitia kwenye korongo. Fedha zinazochangwa ndizo zilizosaidia kuuzungushia uzio msitu wa Aberdare. Yaani wao wanapasua pori ili wapate uzio. Mimi uzio nimeukuta tayari, na niko upande usio sahihi.

Mahali halali papo, siwezi kusema uongo. Mwaka jana nilikwenda Barnwell Mountain, karibu na Gilmer, mashariki ya Dallas, zaidi ya saa mbili kutoka hapa. Misonobari, udongo mwekundu, vilima. Ukifumba jicho moja uko Usambara. Langoni unalipa kiingilio. Nikalipa, nikaingia, nikatafuta tope, nikakwama. Nilikaa pale usukanini nikapiga hesabu: mafuta, kiingilio, chakula cha njiani. Mjomba alikwama miaka thelathini bila kutoa senti. Nikachukua zile mbao za plastiki ili nijinasue, na kabla sijaziweka chini akapita kijana kwenye Jeep, akanifunga kamba yake, akanivuta kwa sekunde kumi, akaondoka anapiga mluzi. Mbao hazikupata hata doa. Nilizipaka tope kidogo kwa mkono kabla ya kurudi nyumbani. Mke wangu asisome hapa.

Vifaa vyangu vingine vimepata kazi, lakini si ile niliyovinunulia. Kamba nene imefunga masufuria ya pilau kwenda kwenye misiba, maana jumuiya ikishajua una gari lenye keria, wewe ndiwe lori lao. Nimebeba viti mia moja vya plastiki vya kitchen party. Nimebeba makochi ya watu watatu waliohama mwezi mmoja. Lile chepe la kukunja limechimba bustani ya mchicha.

Pampu ndiyo imeniponza kabisa. Huku asubuhi za baridi hewa ya tairi hunywea, na magari ya kisasa yana kitaa cha manjano kinachowaka kwenye dashibodi kukuambia upepo umepungua. Kituo cha mafuta, upepo ni wa kulipia. Basi Jumapili moja ya Desemba nilimjazia mzee mmoja wa kanisa tairi zake, kwa wema tu. Jumapili iliyofuata walikuwa watatu. Siku hizi baraka haijakamilika, watu wameshaanza kutoka kwa mlango wa nyuma kuwahi foleni. Nachuchumaa kwenye maegesho na suti yangu, pampu inanguruma juu ya boneti, kwaya inapita inaniambia "Bwana asifiwe, fundi, na ya nyuma kushoto uiangalie." Kilichobaki ni kutundika tairi bovu kwenye mti na kuliandika kwa chokaa nyeupe UPEPO, kama pale stendi ya Korogwe. Shahada yangu ni ya uhasibu.

Lakini kama ni kifaa kilichotumika kuliko vyote, ni kigoda. Dola 14. Kinakaa nyuma ya kiti changu, mahali palipokusudiwa kizima-moto. Tunafika, nashuka, nazunguka, nakifungua, klak, mama mkwe anashuka. Tunaondoka, klak, anapanda, nakikunja, nazunguka. Kliniki, kanisani, dukani, kwa watu wa Fort Worth, mara nane kwa siku. Mke wangu anakitumia. Watoto wanakitumia. Mimi mwenyewe, mgongo ukiuma na hakuna anayetazama, nakitumia. Nimekaa nikijumlisha bei ya tairi, springi na shokapu zilizolipandisha gari juu, kisha bei ya kigoda cha kuturudisha sisi kwenye kimo chake, na hesabu hiyo sijamwonyesha mtu.

Siku ile ya kliniki tuliegesha mtaa wa pili, penye jua. Tulitembea. Mama mkwe alinishika mkono, na nikiwa nimeanza kuguswa na tendo hilo akasema, "Kwetu gari likishindwa kuingia mahali, tunasema ni bovu."

Alhamisi akaanza kufunga mizigo, Ijumaa aondoke. Ruhusa ni mizigo miwili, kila mmoja kilo 23. Wa kwanza ulijaa vitamini, taulo, viatu vya watoto wa kaka. Wa pili sikuuona ukifungwa. Nilikuwa gereji natafuta sanduku lilipopasuka, nikahisi kitu kimepungua mlango wa nyuma. Kuingia sebuleni nakuta jeki imelala kwenye zulia, imefungwa shuka mbili na blanketi la ndege, mke wangu anazungusha gundi ya karatasi, mama yake ameshika rula.

"Shirika la ndege linasema urefu, upana na kimo jumla visizidi inchi 62," mke wangu ananieleza kama vile mimi ndiye niliyeuliza. "Jeki 48. Zinabaki 14."

"Ile ya kaka iliuzwa alipofariki," akasema mama mkwe. "Land Rover ipo, vijana wanaitumia, masika ndiyo hii imeanza. Wewe hapa ni ya nini, baba? Lami yote hii."

Ningesema nini? Nilimtafutia mkanda mwingine wa kufungia.

Uwanja wa ndege nikamshusha pale mbele mlangoni, kwa sababu maegesho ya ghorofa nimeyakoma. Klak. Kwenye kaunta mzigo wa kwanza ukapita. Wa pili ukawekwa kwenye mizani, mrefu, umefungwa kama mgonjwa aliyevunjika mguu, kilo 19 pamoja na vidude alivyochomeka pembeni. Dada wa kaunta akaugusa kwa kidole. Akaniuliza ni kitu gani.

"Anasemaje?" akauliza mama mkwe.

"Anauliza hii ni nini."

"Si umwambie ni tanganyika."

Nikamwambia. Dada akaitazama tiketi, imeandikwa Kilimanjaro. Akatazama skrini yake, akaandika herufi kadhaa, akasita, akafuta.

"Samahani," akasema, "hiyo Tanganyika, ni kabla ya Kilimanjaro au baada?"